Shaka yako haikumletea mtoto degedege (Sehemu ya 7)

Najua niliahidi leo tuongelee uji wa mtoto wa miezi sita. Uji utasubiri. Meseji zilizoingia wiki hii zimenielemea, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti.

Wanaoniandikia ni mabinti wa miaka ishirini na kitu. Wamebatizwa Pasaka iliyopita, au wameokoka mwaka huu, au wameolewa kwenye familia ya Kikristo na bado wako kwenye mafundisho. Wana mtoto mgongoni na wana hofu wanayoona aibu kumwambia katekista. Wanamwambia nesi. Labda ni kwa sababu nesi alishakuona leba ukipiga kelele, huna tena cha kumficha.

Swali lenyewe ni hili: "Dada, nilipomwombea mtoto moyoni nilikuwa na shaka. Je, ndiyo maana aliugua?"

Hapana. Nalisema mapema ili hata asiyemaliza kusoma aondoke nalo. Hapana, mdogo wangu.

Sasa nikupe kisa. Ilikuwa masika, zamu ya usiku, mvua ya huku kwetu mnaijua. Akaletwa mtoto wa kama miaka miwili kwa bodaboda kutoka kijiji kimoja cha bondeni, ana degedege, joto kali, macho yamegeuka. Mama yake analia, na bibi wa mtoto yuko nyuma anasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Si mlikata wenyewe? Oneni sasa." Nikauliza wamekata nini. Kumbe wiki tatu nyuma huyu mama alimkata mtoto hirizi ya kiunoni kwa sababu amempokea Yesu. Na mchana huohuo, kabla ya kuja kwetu, wenzake wa maombi walikuwa wamemwambia homa haishuki kwa sababu bado anaamini nusu nusu. Yaani binti wa watu kabanwa katikati. Upande mmoja unasema kaamini kupita kiasi, mwingine unasema hajaamini vya kutosha, na wote wamekubaliana kwamba kosa ni lake.

Tulimlaza mtoto ubavu, tukampa dawa ya kukata degedege, tukampima malaria kwa kipimo cha haraka. Mistari miwili. Akapimwa sukari ikawa chini, akapewa ya mshipani, akaanzishiwa sindano ya malaria kali. Asubuhi aliomba maji. Yule mama hakuniuliza habari za dawa hata kidogo. Alinishika mkono akaniuliza, "Sista, kwa hiyo haikuwa hirizi?"

Ilikuwa mbu, mama. Mbu hajui kama umebatizwa.

Msidhani namcheka bibi yule. Sisi wa Ufipa tumekua tukiambiwa kwamba hata jina la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi, na mtu hawezi kutupa kwa siku moja kitu alicholelewa nacho miaka hamsini. Bibi alikuwa anaogopa kumpoteza mjukuu. Mimi nikiona hirizi kwa mtoto wodini simfokei mama. Naangalia tu kama kamba imebana ngozi au ina vidonda chini yake, basi. Na ukiikata kwa ajili ya imani yako, kata, lakini usikate ukaacha nafasi tupu. Weka chandarua. Kamilisha chanjo. Hofu ya "sasa mtoto wangu hana kinga" ina majibu yanayoshikika, na mengi yameandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Sasa niseme jambo ambalo wengine mtanikasirikia. Hofu ya wakwe siyo inayonikosesha usingizi. Inayonikosesha usingizi ni ile ya kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Hii imewaua watoto wa watu, na mmoja nilimfunika shuka kwa mikono yangu. Aliletwa siku ya tatu ya homa. Siku mbili za kwanza alikuwa kwenye maombi, na mama alikatazwa kutoka kwa sababu kutoka ni kushindwa. Sitaji mahali wala dhehebu, kwa sababu si la dhehebu moja. Mama yule alipotoka hakulia. Aliuliza kama angeamini zaidi kidogo ingekuwaje. Nilishindwa kumjibu siku ile, na kwa kweli posti hii ni jibu lililochelewa.

Nchi yetu imeshapita huku. Mnakumbuka Loliondo mwaka 2011, kijiji cha Samunge, kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu. Foleni za magari kilomita na kilomita, wagonjwa wakifia njiani kabla ya kufika. Watu waliacha dawa za sukari, wakaacha ARV. Na jirani zetu Kenya mwaka 2023, msitu wa Shakahola kule Kilifi, walifukuliwa watu zaidi ya 400, watoto wakiwemo, walioambiwa kufunga ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Hawakuwa wajinga wale. Wengi walikuwa watu wanaotaka kuamini kweli kweli, na mtu akaitumia ile njaa yao.

Kwa hiyo mwenye ARV anisikilize vizuri. Ukipimwa wingi wa virusi ukaambiwa havionekani, ni dawa inafanya kazi. Ukiacha vinarudi, na kama unanyonyesha, vinaweza kumfuata mtoto kwenye ziwa. Ombewa, imba, toa ushuhuda, na saa tatu usiku meza kidonge. Mchungaji akikuambia acha, mwambie aje na wewe kliniki aniambie mimi. Hadi leo hajaja hata mmoja.

Tena hapa kwetu imani na dawa viliingia kwa mlango mmoja. Pale Karema, mwambao wa ziwa kaskazini ya Kirando, alikuwepo Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Mali ya leo, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akakaa hapo hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Daktari na katekista, mtu mmoja. Alifunga vidonda na kufundisha dini, na hakuna aliyemwambia kidonda kikifungwa Mungu anakasirika. Na Luka aliyeandika Injili, Paulo anamtaja kuwa tabibu. Paulo huyohuyo, Timotheo alipokuwa anasumbuliwa na tumbo, alimshauri atumie mvinyo kidogo. Hakumwambia aongeze imani.

Lakini mstari ninaowapa mama zangu wodini uko Marko sura ya 9. Kasome mwenyewe leo usiku. Kuna baba kaleta mwanawe anayeanguka, anatoka povu, anakauka. Sisi manesi tukisoma pale tunaona kifafa kabisa. Baba anamwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo anaomba asaidiwe pale asipoamini. Vyote viwili kwa pumzi moja. Na mtoto akaponywa! Hakurudishwa nyumbani akaambiwa rudi imani ikikomaa. Basi kama shaka ya baba yule haikumzuia Yesu, nani kakuambia yako imemzuia?

Hata Mama Teresa wa Calcutta, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu walishangaa. Kwa miaka mingi sana alisali bila kuhisi chochote, giza tupu, na kila asubuhi aliamka akaenda kuosha wagonjwa. Mimi mwenyewe kuna zamu niliyopoteza vichanga wawili usiku mmoja, na asubuhi nilipofika nyumbani Baba Yetu ilinikwama katikati. Nikaoga, nikalala, nikarudi zamu. Ilirudi yenyewe baada ya siku kadhaa.

Na wewe uliyeniandikia kuhusu kichanga aliyefariki kabla ya kubatizwa, nimekusoma mara tatu. Kama ni Mkatoliki ujue kwamba kwenye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata nesi, kwa maji na maneno ya ubatizo. Mimi nimefanya, mama akiniomba. Kwako haikuwahi, najua. Mwaka 2007 huohuo tume ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa hati nzima kuhusu watoto wa namna hii, na ikasema kuna sababu za kutumaini kwamba wameokolewa. Wenzetu wa makanisa ya Kipentekoste hawabatizi vichanga kabisa, na wao pia hawasemi vinapotea. Hukumnyima mtoto wako mbingu. Ulimbeba miezi saba na ulikuja kliniki mara zote, nimeona umeandika.

Wiki hii baridi imeanza Namanyere, vifua vya watoto vitatusumbua. Mtoto akipumua haraka na mbavu zinaingia ndani, akishindwa kunyonya, akipata degedege, akitapika kila kitu, mlete saa hiyohiyo. Degedege likianza mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimpake kinyesi cha tembo wala usimkojolee. Ombeni mkiwa kwenye bodaboda, nami nitakuwa naomba nikiandaa sindano.

Uji ni Alhamisi. Leteni maswali ya ulezi na dagaa.