Kisu Hakiamshi Saratani

"Kansa ikiguswa na kisu, inasambaa." Kauli hii utaisikia katika mitaa ya Nairobi kama Maringo, Jericho na Makongeni, hasa kwenye vikao vya mchango wa matibabu, na inaua watu.

Imezaliwa na tunayoyaona. Jirani anachelewa kwenda hospitali, anapasuliwa ugonjwa umeshatapakaa, anazikwa baada ya miezi michache. Lawama zote anabebeshwa daktari.

Chukua saratani ya kifuko cha nyongo. Mtu anatolewa kifuko kwa sababu ya mawe, anarudi nyumbani akidhani yamekwisha, kumbe maabara imekuta saratani. Ikiwa haijafika kwenye msuli wa ukuta wa kifuko, upasuaji ule wa kwanza kwa kawaida umetosha. Ikiwa imefika, huhitajika wa pili: kuondoa sehemu ya ini iliyopakana na kifuko pamoja na tezi za limfu za karibu. Hapo ndipo jamaa huja juu: mmemchokoza mdudu, mnataka kumchokoza tena?

Mdudu alikuwemo kabla ya kisu. Ni kweli kwamba kifuko kikipasuka na nyongo ikamwagika tumboni, seli za saratani zinaweza kuota kwingine. Hilo linamdai daktari uangalifu tangu siku ya kwanza. Halimpi mtu ruhusa ya kuyaacha mabaki yakue.

Wengine hutaka mgonjwa arudishwe mezani kesho yake. Nao wanakosea. Utafiti uliochapishwa na jarida la JAMA Surgery mwaka 2017 ulipitia kumbukumbu za wagonjwa 207 wa hospitali 10 za Marekani. Kati ya waliopasuliwa tena baina ya wiki ya 4 na ya 8, nusu waliishi zaidi ya miezi 40. Kwa waliowahishwa, ilikuwa miezi 17.4, kwa waliochelewa, 22.4. Wiki hizo huupa uvimbe wa upasuaji wa kwanza nafasi ya kutulia na picha za tumbo kusomeka vizuri, na aliyekwisha kuenewa na ugonjwa huepushwa kisu kisichomfaa.

Kwa hiyo, ukitolewa kifuko cha nyongo, uliza kama kimepelekwa maabara, na ripoti uifuate mwenyewe. Ikisema saratani, tafuta daktari bingwa wa upasuaji wa ini wiki hiyohiyo. Mchango nao uanze siku hiyo. Wiki 8 zinahesabiwa tangu upasuaji wa kwanza.