Turubai la Mtumbwi si Anasa

Mkulima wa Songwa, wilayani Kishapu, hupalilia pamba ambayo, kama sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii, huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Ndugu yake wa kisiwa cha Izumacheli, mkoani Geita, husafiri katika mtumbwi wa tanga ulio wazi, akifunika unga na watoto kwa karatasi ya nailoni, maana turubai madhubuti la pamba humshinda bei.

Wala si bei ya kitambaa peke yake. Kuna kamba, fito za kulishikilia, na ujira wa fundi wa kushona pindo na kutia vitundu vya chuma. Tena haifai liinuliwe juu mno: likijaa upepo, chombo kidogo hupinduka. Sharti likae chini, na lifunguke upesi. Likifungwa kwa kubahatisha, afadhali kulowa.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Twauliza: kikundi cha washonaji maturubai visiwani kimepungukiwa nini hata kisistahili mkopo huo? Wakaguzi wa vyombo nao wawaonyeshe manahodha ufungaji ulio salama, mapema, kabla ya mvua za vuli.