Setilaiti Iliona Maji, Senge Hakuambiwa

Wasee, leo naongea kuhusu mto Nzoia. Najua wengine wenu mnataka kupita haraka. Nipeni dakika tatu tu.

Mei 2024, ule msimu wa mvua uliopoteza karibu watu 300 Kenya nzima, nilikuwa kitandani hapa Kakamega saa tano usiku. Senge, dada ya baba yangu, akatuma sauti kwenye grupu ya familia. Ameolewa Budalang'i, kule Nzoia inakoingia ziwani. "Maji yako jikoni. Tunapandisha magodoro juu ya meza." Nyuma yake nilisikia ng'ombe wakilia.

Bando lilikuwa limebaki kidogo. Rafiki yangu anayesomea mambo ya majanga pale Masinde Muliro alikuwa amenionyesha tovuti ya Copernicus, ile ya Ulaya, ambapo mtu yeyote anafungua picha za setilaiti bila kulipa hata ndururu. Nikafungua. Kulikuwa na picha ya siku mbili kabla. Doa jeusi lilikuwa limeshatoka mtoni, limeingia mashambani, na lilikuwa upande wa kwa Senge.

Manze, niliumia. Setilaiti iliona. Mimi ningeweza kuona siku mbili mapema. Senge hakuambiwa na mtu yeyote, hata mimi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: shida yetu si picha. Picha tunazo. Shida ni kwamba hazina majina ya vijiji vyetu, na hazimfikii mwenye nyumba.

Kwanza tuelewane vile hii kitu inafanya kazi. Sentinel-1, ambayo ya kwanza ilirushwa 2014, haipigi picha kama simu yako. Inatuma mawimbi ya rada chini, halafu inapima yale yanayorudi. Miti, nyumba na mashamba huyatawanya mawimbi, na mengine hurudi juu. Maji yaliyotulia ni kama kioo kilicholala: mawimbi yanateleza kwenda mbali, hayarudi, na hapo picha inakuwa nyeusi. Weka picha ya kabla ya mvua kando ya picha ya leo. Weusi mpya unaouona, mara nyingi ndio mafuriko.

Na rada haijali usiku wala mawingu. Hiyo ni kitu kubwa, kwa sababu mafuriko huja na mawingu. Taifa-1, setilaiti yetu wenyewe iliyorushwa 15 Aprili 2023, tuliishangilia na ilistahili. Lakini iliundwa na kamera inayotegemea mwanga wa jua. Mawingu yakifunga, kamera kama hiyo hukuletea picha safi ya mawingu.

Sasa mtu asiniambie ati Nzoia ni mto uliosahaulika na sayansi. Mto huu unatoka milima ya Cherangani na Elgon, unapita kwetu, unatembea hadi Ziwa Victoria. Watafiti wa Marekani, pamoja na kituo cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, waliutumia kujaribu kuchora mafuriko kwa setilaiti, na kazi yao ikachapishwa 2011. Wengine wenu mlikuwa bado chekechea. Desemba ya mwaka huohuo kingo za Budalang'i zilibomoka, watu wakahama. Mwaka 2020 tena wakahama.

Kila mara utasikia mtu wa mjini akisema, "Hao watu huambiwa wahame, hawataki." Nilimuuliza Senge hiyo swali. Akacheka kidogo, akasema: "Mwanangu, huwa tunasikia redioni kwamba wanaoishi sehemu za chini wahamie sehemu za juu. Hapa kwetu kote ni chini. Niambie ni kijiji gani, ni lini, na niende shule gani. Na ng'ombe niwapeleke wapi?"

Ramani nyeusi na nyeupe haijibu hayo maswali. Inajibiwa na mtu anayejua kwamba ule mstari mwembamba ni barabara ya kwenda sokoni, na kwamba ile shule iko kwenye kilima.

Halafu setilaiti yenyewe hukosea. Wakati ule Sentinel-1 ilikuwa moja tu kazini, na kurudi palepale kwa njia ileile huchukua siku 12. Mimi kuipata picha ya siku mbili kabla ilikuwa bahati. Maji yakijificha chini ya miwa mirefu au mafunjo, rada inaweza kuyakosa, na huku magharibi miwa na mafunjo tunavyo tele. Lami pana nayo inaweza kutokea nyeusi kama maji. Ni nani wa kusema "hapa ni maji kweli, hapa ni barabara"? Ni msee aliyesimama hapo na simu mkononi.

Si ndoto. Dar es Salaam walianza Ramani Huria mwaka 2015: wanafunzi wa chuo na wakazi walitembea mitaa inayofurika, wakachora nyumba na mitaro, wakaweka majina kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Kibera vijana walianza yao 2009. Sisi Kakamega tunangoja nini? Simu tunazo, saa za kuscroll tunazo.

Na usiseme hii ni shida ya Busia. Wanyala wa Navakholo hapa Kakamega na Wanyala wa Budalang'i ni ndugu, mto mmoja. Sisi tuko juu. Maji yanayopita chini ya daraja letu leo bado yana safari ya kufika kwa Senge, na hiyo safari ndiyo muda wa kubeba watoto, vyeti na ng'ombe. Kaunti zina mipaka, maji hayana.

Ninachotaka ni vitu vitatu. Moja, kaunti zote ambazo Nzoia inapita zipeane habari za kina cha mto siku hiyohiyo, si baada ya mkutano. Mbili, sisi vijana tuweke majina: kijiji, shule, kanisa, msikiti, kivuko. Tatu, onyo lifike kwa ujumbe wa simu na redio za kijamii, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, likitaja kijiji kwa jina.

Mimi nimeanza. Jumamosi mbili zilizopita nimeweka majina ya njia na shule za kwetu Navakholo. Bado kidogo sana. Nikamtumia Senge picha ya ramani nikijisifu. Akanijibu kwa sauti: "Nzuri, mwanangu. Lakini mimi usiku nalala. Ukiona maji, usinitumie picha. Nipigie."

Kwa hivyo mvua ikianza, simu yangu iko na chaji. Wewe una nani kule chini? Namba yake unayo?