Kabla ya Kisu, Waraka wa Kiswahili

Kwa yaya zangu mlionitangulia kuzaliwa, mama wadogo, na jamaa wote wa Mulongwe, Kimanga na Kalundu, huko Uvira.

Juma lililopita zilinifikia sauti zenu kwa simu, nane kwa hesabu, nami nikazisikiliza zote nimesimama katika kituo cha tramu hapa Lyon, nikakasirika hata tramu mbili zikanipita. Mwataka nichangie safari ya binti yetu, avuke mpaka aende katika mji ambao sitautaja, akatolewe mafuta ya tumboni na kutiwa makalioni. Na ushahidi wote mlio nao juu ya mtu atakayemshikia kisu ni picha sita za wanawake wasiokuwa na vichwa, pamoja na nambari ya simu ya dalali. Jina la tabibu hamna. Jina la atakayemlaza usingizi hamna. Bei mnayo, tena kwa dola.

Mwili ni wake, wala simtukani kwa kutamani umbo, maana hata sisi wanaume tulikuwa tukijikwatua mbele ya kioo cha kinyozi pale sokoni tukidhani hatuonekani. Walakini nafanya kazi ya kusukuma vitanda katika hospitali, na hapa Ufaransa mwanamke atakaye kurekebishwa pua yake tu, pua iliyo nzima, ivutayo hewa bila ya taabu, hapasuliwi ila baada ya kupewa kwa maandishi bei na maelezo ya kazi itakayofanywa, kisha sheria humpa muhula wa siku 15 za kutafakari, na katika siku hizo ni haramu kwa daktari kumtoza hata senti ya upasuaji wenyewe. Siku 15 kwa ajili ya pua! Nasi tunampeleka mtoto kwa picha sita.

Jambo hilo la mafuta, sikilizeni. Sindano ikipenya ndani ya msuli wa kalio, mafuta yaweza kuingia katika mishipa mikubwa ya damu iliyoko huko, yakapanda hadi moyoni na mapafuni, na mtu akafa akiwa angali mezani. Uingereza, mwaka 2018, chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo kiliwashauri wanachama wake waiache kazi hiyo kabisa, na kilipoilegeza baadaye kiliweka sharti kwamba mafuta yakae chini ya ngozi tu, na sindano ifuatwe kwa mashine ionyeshayo yaliyo ndani. Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke alifariki baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki moja, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga. Na Nairobi, msisahau, ina matabibu wa fani hii tangu zamani, kwa kuwa madaktari wa kuruka na ndege, wanaoitwa leo Amref, walianzishwa mwaka 1957 na mabingwa watatu wa upasuaji wa namna hii, Michael Wood, Tom Rees na Archibald McIndoe, naye McIndoe ndiye aliyekuwa akitengeneza nyuso za marubani walioungua katika vita ya pili ya dunia.

Hapo ndipo moyo wangu uliponichoma, maana upasuaji huu kwetu sisi tulio chini ya milima ya Mitumba si habari ya makalio. Ni habari ya Sange. Usiku ule wa tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lilipopinduka pale Sange katika bonde la Ruzizi, watu wakakimbilia kuchota na wengine wakiwa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, moto ulikula watu zaidi ya 230, nami nilikuwa miongoni mwa vijana waliowapokea majeruhi Uvira, nikishika mikono ambayo ngozi yake ilibaki mkononi mwangu. Mwaka uliofuata niliondoka. Sitaeleza sababu, mnazijua, na wengine wenu mlinichangia nauli.

Mwana wa yaya aliungua katika moto huo akiwa na miaka minne. Shingo ilipopona ilivuta kidevu kikashikamana na kifua, kwa kuwa kovu la moto halikui pamoja na mtoto: mifupa hurefuka, lenyewe hukaza. Alipofanyiwa upasuaji miaka mitatu baadaye, mahali ambapo sipataji, ngozi ilitolewa pajani ikapandikizwa shingoni, kidevu kikainuka, mkanitumia picha akitazama milima, tukashukuru Mungu. Mwaka haukwisha, kidevu kikarudi chini. Mkasema ni uchawi. Wengine mkasema daktari alikuwa mwanafunzi.

Mwezi wa pili mwaka huu yaya alinitumia picha ya karatasi aliyoihifadhi muda wote ndani ya Biblia yake, akidhani ni risiti ya malipo. Nikaisoma. Ilikuwa kwa Kifaransa, na mstari wa nne ulisema mtoto avae kola ngumu ya shingoni mchana na usiku kwa muda wa miezi sita, na wa tano ukasema arudishwe baada ya majuma manne ili anyooshwe shingo. Basi. Ngozi iliyopandikizwa hujikunja kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa bila ya vijiti, na kile kijiti ndicho ile kola, ambayo hapana aliyemwambia yaya kwa lugha yake kwamba yapaswa kuvaliwa. Yaya asoma Kiswahili vizuri kuliko mimi. Amekisoma kila alfajiri katika kitabu kile kile kilichoificha karatasi. Nami, niliyejivunia Kifaransa changu, nilikuwa hapa miaka yote hiyo, na sikuuliza hata siku moja, «Mlipewa karatasi gani?»

Kwa hiyo naomba jambo moja, na nitaliomba mpaka mnichoke: pasiwe na mtu wa Uvira, wala Kiliba, wala Makobola, atakayelala juu ya meza ya upasuaji kabla ya kupewa waraka wa Kiswahili, uliosomwa kwa sauti mbele ya jamaa zake, kwa Kifuliiru au Kibembe pia ikiwa bibi yupo, ukalala nyumbani usiku mmoja angalau, ndipo kidole gumba kitiwe wino. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha za taifa. Hospitali je, ni nchi nyingine? Waraka huo utaje jina la mpasuaji na alikojifunzia kazi hii. Nani atalaza usingizi na kukaa kichwani pa mgonjwa. Damu na hewa ya oksijeni ziko wapi usiku wa manane. Mgonjwa ameulizwa au hakuulizwa kama ana kovu lililowahi kuvimba kupita jeraha lenyewe, maana sisi watu weusi twaelekea sana kuwa na makovu hayo, na kuyakata tu huyarudisha makubwa zaidi. Tena, kwa herufi kubwa, mambo ya kufanya baada ya kutoka, kwa miezi mingapi, na nani atalipa ikibidi kurudi mezani. Kamati za afya za mitaa mnazo. Kazi ya fundi wa chapa si ghali.

Najua mtaniambia, huyu amekaa penye joto la mitambo, atufundisha karatasi sisi tusiokuwa na bandeji, tuliokimbia vita mara ngapi huku yeye akitazama kwa simu. Ni kweli, na sina udhuru. Hata hivyo bandeji huisha siku chache, na yaya alikosa mistari miwili tu.

Fedha za binti yetu sijazituma, wala sitazituma mpaka dalali alete jina la tabibu, nilitafute katika daftari la baraza la nchi yake. Akinuna, mwacheni anune, mpeni ndagala wa kukaanga na mwambieni mjomba wake ampenda. Fedha nilizotuma jana ni za kijana, yule mwana wa yaya, kwa ajili ya upasuaji wa pili, na pamoja nazo nimetuma ukurasa mmoja nilioandika mwenyewe kwa Kiswahili, wenye maswali kumi na moja na nafasi ya kidole gumba chini. Yaya amsomee kabla hawajapanda gari, kisha aniandikie kama bado anakunywa maji kwa mrija.