Hizo kurasa mnazoziruka

Jumanne nilipita kwa fundi wa spika pale Ilala kuchukua redio yangu, ile ile ambayo wasomaji wa safu hii mmeshachoka kuisikia, nikarudi nyumbani nimekasirika hata chakula hakikupita. Fundi hana kosa, redio inaimba vizuri. Kilichoniudhi ni namna watu wanavyosoma kitabu.

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi kijana anayepiga gitaa la rizimu katika bendi moja ya dansi. Ana mkono mzuri, nimemsikia mara nyingi. Amezungukwa na vijana watatu wadogo kwake, mmoja bado na suruali ya shule. Mkononi ameshika Life, kitabu ambacho Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, alikitoa mwaka 2010 akisaidiwa na mwandishi James Fox. Nakala ya mtumba, jalada limeng'oka upande mmoja. Alikuwa akiwasimulia kwa Kiswahili, na wale watoto wamemkodolea macho. Nilimkuta amefika pale Richards anaposema aliwahi kukesha siku tisa mfululizo, madawa ndiyo yanamshikilia, mpaka usingizi ukamchukua akiwa wima, akaanguka na kupasua pua kwenye kona ya spika. Benchi zima likaangua kicheko. Fundi naye akacheka, bisibisi mkononi, akalipiga-piga kofi spika lililokuwa mbele yake.

"Huyo ndiyo mwanamuziki," kijana akasema. "Sisi huku tunalala mapema, ndiyo maana hatutoki."

Nikamwambia, mwanangu, hicho kitabu nami nimekisoma, wewe umesoma vipande. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Bi Mwanaidi, samahani, lakini mwenyewe si yupo hai mpaka leo?"

Yupo hai. Alizaliwa Desemba 1943 huko Dartford, karibu na London, na amewazika wengi. Brian Jones, aliyeianzisha bendi yenyewe, alikutwa kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwake Julai 1969, ana miaka 27. Gram Parsons, rafiki aliyekuwa akikesha naye wakiimba, alikufa California mwaka 1973 hajafikisha hata hiyo 27. Mbona hao hawakusimuliwa pale kwenye benchi? Na Richards mwenyewe hafichi kilichomwokoa. Anaeleza kwamba alikuwa akipata kokeini safi ya kiwango cha dawa za hospitali, na kwamba alipima dozi zake kwa uangalifu. Maana yake ni fedha. Kijana wa hapa anayenunua kete uchochoroni hajui aliyeikoroga amechanganya nini ndani yake, na hana daktari wa kumwita usiku wa manane.

Halafu kuna kurasa ambazo msimulizi wetu aliziruka kabisa. Mwaka 1976 bendi ilipozunguka Ulaya, Richards alimchukua mwanawe wa kwanza, Marlon, ambaye hajatimiza miaka saba. Kazi ya mtoto yule ilikuwa kumwamsha baba yake muda wa onyesho ukifika, kwa sababu watu wazima waliogopa: baba analala na bastola chini ya mto. Nimeirudia sehemu hiyo kila nilipokifungua kitabu, na kila mara nasimama hapo hapo. Mtoto wa umri wa kupelekwa darasa la kwanza anasimama kando ya kitanda cha hoteli, amshike baba bega, taratibu, asimshtue. Watu wazima wenye mishahara wako mlangoni wanasubiri.

Ziara hiyo hiyo, mwezi Juni, bendi ikiwa Paris, simu ikaja kutoka Uswisi. Mtoto wake mwingine, Tara, mchanga wa miezi miwili na kitu, amefariki. Usiku ule Richards alipanda jukwaani akapiga. Miaka zaidi ya thelathini baadaye anaandika kwamba kumwacha mtoto mchanga vile ni jambo asiloweza kujisamehe. Hapo hakuna cha kucheka, ndiyo maana hapasimuliwi. Nilimuuliza kijana kama amefika kwenye habari za Tara. Hakujua Tara ni nani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu ni mpiga rizimu, na kitabu hicho kina hazina ya mpiga rizimu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Richards anaeleza namna alivyoutoa ule uzi mnene wa juu akabaki na nyuzi tano, akazityuni hivi kwamba ukizipiga bila kubana popote, gitaa lenyewe linatoa kodi ya G. Anaeleza jinsi uzi mmoja ulioachwa uvume chini ya vidole vinavyobadilisha kodi unavyoushikilia wimbo wote. Honky Tonk Women umetoka humo, na Start Me Up pia. Anamtaja babu yake Gus, aliyemwonjesha gitaa akiwa mdogo, na siku ya mwaka 1961 alipokutana na Mick Jagger stesheni ya treni ya Dartford, mwenzake amekumbatia sahani za Chuck Berry na Muddy Waters. Walianza kwa kusikiliza, kutwa kucha, sahani zile zile, mpaka wakajua kila kidole kimekwenda wapi. Kijana angewasomea wale watoto hayo na gitaa likiwa mapajani, wangeondoka pale wamepata kitu.

Badala yake wameondoka na siku tisa. Na fundi anacheka, mtu wa rika langu, aliyeona kwa macho yake unga ulivyoingia mitaani kwetu na vijana walivyoanza kulala mitaroni wakitetemeka kwa arosto. Tangu 2011 hospitali ya Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kunywa kwa waraibu wa heroini. Nendeni asubuhi mkaone foleni, kila mmoja anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kesho arudi tena. Wamo wanamuziki humo. Hakuna anayewaita "wa kweli".

Kijana alinitajia pia Toronto, akiihesabu kama ushujaa. Ni kweli, mwaka 1977 polisi walimkuta Richards hotelini na heroini nyingi hata akashitakiwa kwa biashara ya dawa, kosa ambalo lingeweza kumfunga maisha. Mawakili wakafanya kazi yao, shitaka likapunguzwa, na mwaka 1978 jaji akampa kifungo cha nje na amri ya kupiga muziki kwa ajili ya wasioona. Alipiga Aprili 1979, mjini Oshawa. Sasa wewe, mwanangu wa rizimu, ukikamatwa na kete Kariakoo, nitajie wakili wako.