Avoka anatetea mwizi juu ya nini?

Swali hili tunalisikia kila mara, katika internati na njiani tukitoka masomo: "Mutu aliiba, watu walimuona, sasa avoka anamutetea juu ya nini?" Wengine wanaongeza: "Avoka ni mutu wa uongo, anakula tu feza." Sisi tunaona swali ni zuri, lakini limeanza vibaya. Linamwita mtu mwizi kabla juji hajamwita hivyo.

Tutazame kwanza nani anaketi ndani ya tribinali. Mbele wako majuji. Kazi yao ni kusikiliza pande zote na kukata neno. Kando yuko mtu wa Parke, ndiye anayeleta mashitaka kwa ajili ya jamii nzima. Karani anaandika yanayosemwa, maana neno lisiloandikwa kesho litakanwa. Yuko mshitakiwa na avoka wake. Yuko aliyetendewa ubaya, au jamaa yake, anayeweza kudai malipo ya hasara. Yeye pia ana ruhusa ya kuleta avoka. Wako mashahidi. Na nyuma wanaketi watu wote wanaopenda kusikia, kwani Katiba ya 2006 inataka mambo ya tribinali yafanyike mbele ya watu, isipokuwa kama hiyo ingeleta hatari kwa amani au kwa adabu.

Maneno nayo yana mpango. Mashahidi wanasikilizwa, mshitakiwa anaulizwa, aliyeumizwa anadai chake, Parke inaomba adhabu, na mwisho kabisa wanasema mshitakiwa na avoka wake. Si bure kwamba wao ndio wa mwisho: mtu hawezi kujibu neno ambalo halijasemwa. Wazee wanasema mwamba ngoma huvutia kwake. Kila upande unavuta, na juji peke yake hana ruhusa ya kuvuta. Ukimwondoa avoka, ngoma inavutwa na mkono mmoja tu.

Kama mtu anadhani hayo ni maneno ya vitabu, akumbuke jambo lililotokea hapa hapa Bukavu. Tarehe 13 Juni 2007, Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, aliuawa kwa risasi usiku. Mji wote ulilia na kutaka wauaji wapatikane upesi. Watu wawili waliungama kwamba wao ndio walioua, wakasema waliotumwa na rafiki wawili wa marehemu, ambao walikuwa pamoja naye usiku ule. Tarehe 28 Agosti, miezi miwili na nusu tu baadaye, tribinali ya kijeshi iliwahukumu wote wanne adhabu ya kifo. Nani asingesema "haki imefanyika"? Lakini walioungama wakaandika barua kukana maneno yao, wakisema wamewasingizia wale rafiki. Maavoka hawakulala. Rufani ikasikilizwa na Mahakama ya Kijeshi ya Kivu ya Kusini, na tarehe 21 Mei 2008 rafiki wale wawili wakaachiliwa. Walikuwa wamekaa karibu miezi tisa chini ya hukumu ya kufa. Walioungama, wao hawakuachiliwa.

Sasa tuulize: maavoka wao walikuwa wanatetea wauaji? Siku ya 28 Agosti njia nzima ingejibu ndiyo. Njia ingejidanganya. Ndiyo maana Katiba, katika artikulo 17, inasema mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Haikusema mpaka polisi wamfunge, wala mpaka jirani wapige kelele. Inasema vilevile kwamba kila mtu ana haki ya kutetewa na haki ya rufani. Katika tribinali za kawaida rufani ya kesi za makosa inafanywa ndani ya siku 10.

Tunajua mtakavyojibu: "Tribinali zetu ni pole pole, na mwenye feza anatoka." Hatukatai, malalamiko hayo yana sababu. Tena tunajua mambo yaliyotufikia: Februari 2025, M23 walipokuwa wanakaribia kuingia mjini, wafungwa wa gereza kuu walitoka, na kazi ya tribinali ikavurugika. Tangu hapo tumesikia mara nyingi zaidi sauti ile: "Mwizi! Mumuchome!" Lakini tuangalie vizuri hiyo tribinali ya njiani. Anayeshitaki ndiye shahidi, ndiye juji, ndiye anayeshika kiberiti. Karani hayuko. Avoka hayuko. Rufani hakuna. Tribinali ikikosea, kuna daftari ya kufungua na juji mwingine wa kuuliza, kama ilivyokuwa 2008. Njia ikikosea, kuna kaburi tu.

Na jambo hili linaanzia kwetu, ndani ya ukuta wa masomo. Feza ikipotea katika chumba cha kulala, mara jina linatajwa: ni yule wa kitanda cha pembeni, kwa sababu ni maskini au ni mgeni. Kabla ya chakula cha jioni amekwisha kuhukumiwa, hakuna anayeongea naye. Hakuna aliyemwuliza kitu. Kijana anayezoea kuhukumu hivyo akiwa na miaka kumi na tano, atashindwa vipi kubeba jiwe akiwa na thelathini?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mtu akishitakiwa kati yetu, aambiwe kosa lake wazi wazi. Asikilizwe, naye awe wa mwisho kusema. Na awe na mwenzake mmoja wa kusimama kando yake, hata kama sisi wote tumekasirika. Tunawaomba walimu wetu na wakubwa wa internati watusaidie kuzoea desturi hiyo.

Avoka anatetea nini basi? Anatetea yule ambaye hatujajua bado ni nani. Kesho anaweza kuwa ndugu yako, anaweza kuwa wewe.