Viatu vya Kapteni Vimes

Baadhi ya watumishi wa Serikali, wakiulizwa husoma nini siku za mapumziko, hujibu kwa fahari kwamba husoma mafaili waliyoyachukua ofisini. Jibu hilo halistahili sifa. Mtu aliyesoma mafaili tangu Jumatatu hadi Ijumaa, kisha akayarudia Jumamosi, hakuongeza elimu, ameongeza uchovu. Kwa hiyo leo safu hii inawaelekeza wasomaji wake kwenye vitabu ambavyo wengi watavidharau kuwa ni vya mchezo: riwaya za Discworld za Mwingereza Terry Pratchett, aliyefariki mwezi wa Machi, 2015.

Riwaya hizo ni 41. Ya kwanza ilitoka mwaka 1983. Zinasimulia habari za dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na ndovu wanne waliosimama juu ya gamba la kasa anayeogelea angani. Sisi tuliopitia chuoni hatushtushwi na jambo hilo, kwani vitabu vya kale vya Kiarabu vina hekaya ya ardhi iliyowekwa juu ya fahali, na fahali juu ya samaki. Humo mna wachawi, majitu, na hata Mauti mwenyewe, ambaye anapenda sana paka. Lakini mwandishi huyu alianza kazi akiwa mwanagazeti kijana, na baadaye akawa msemaji wa shirika la umeme la nchi yake. Aliijua lugha ya maofisi, na mji wake wa kubuni, Ankh-Morpork, umejaa watu tunaowajua.

Mmoja wao ni Kapteni Vimes, mkuu wa askari wa doria. Katika riwaya ya Men at Arms, ya mwaka 1993, Vimes anayapigia hesabu mabuti yake. Mabuti mazuri ni dola 50, nayo humkinga mtu na maji kwa miaka kumi. Mshahara wake ni dola 38 kwa mwezi, basi hununua ya dola 10, yanayotoboka baada ya msimu mmoja au miwili. Katika miaka hiyo kumi maskini atakuwa ametumia dola 100, na miguu yake bado imelowa. Kwa hesabu hiyo Vimes anatambua kwamba tajiri hubaki tajiri kwa sababu hutumia fedha kidogo zaidi.

Huku kwetu tunasema rahisi ghali, na tukishasema tunakwenda zetu. Waingereza hawakwenda zao. Mwaka 2022, bei za vyakula zilipopanda, ilianzishwa kampeni ya kupima bei za bidhaa za watu wa chini, ikapewa jina la mabuti ya Vimes kwa idhini ya wasimamizi wa urithi wa mwandishi. Mwezi wa Mei mwaka huo idara ya takwimu ya nchi hiyo ikachapisha uchunguzi wa bei za vyakula 30 vya bei ya chini kabisa. Mzaha wa ukurasa mmoja ulikuwa umefika mezani kwa wataalamu.

Afisa wa manunuzi anayechagua pampu dhaifu kwa kuwa ndiyo ya bei ya chini, na mvuvi anayenunua nyavu dhaifu kwa kuwa hana fedha za nyavu madhubuti, hawako sawa. Mvuvi hana hiari. Afisa anayo, na anayerudi kuchota maji kisimani si yeye.

Wakaazi wa visiwani wasiikose Jingo, ya mwaka 1997. Kisiwa kinazuka baharini, na mataifa mawili yanakaribia kupigana vita kwa ajili ya mwamba wenye matope. Vimes anawatia nguvuni majemadari wa pande zote mbili kwa kosa la kuvunja amani, na mwishowe kisiwa kinazama tena. Si upuuzi mtupu: mwaka 1831 kisiwa kilizuka karibu na Sicily, Uingereza na Ufaransa zikawa miongoni mwa waliokidai, na baada ya miezi michache bahari ikakimeza.

Ipo hoja isemwayo kwa sauti ya chini, kwamba vitabu hivi vinawazoesha vijana kuwacheka wakubwa. Je, Abunuwasi aliwacheka wadogo? Safari za Gulliver imesomwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1930, na Muhammed Said Abdulla, mwanagazeti wa Zanzibar, alituchekesha kwa visa vya Bwana Msa bila ya nchi kupinduka. Kiongozi anayeogopa kicheko cha kitabuni sijui atafanya nini na kile cha barazani.

Asomaye Kiingereza asianze na kitabu cha kwanza, kwani hapo mwandishi alikuwa bado anajaribu. Aanze na Guards! Guards!, ya mwaka 1989. Ajihadhari pia, maana nyingi ya riwaya hizi hazina sura, na msomaji hapati mahali pa kusimama hadi usiku wa Jumapili. Kwa wengine waliobaki, wakuu wa maktaba zetu na BAKIZA wakutane na wachapishaji, wamtafute mfasiri mmoja hodari, naye aanze na Jingo.